Upasuaji wa kuondoa kibofu cha mkojo

Upasuaji wa kuondoa kibofu cha mkojo, kwa jina la kitabibu sistektomia, ni matibabu ambayo kibofu chote, au mara chache sehemu yake tu, hutolewa mwilini. Sababu kubwa ya kufanya hivyo ni saratani iliyopenya hadi kwenye msuli wa kibofu. Kwa kuwa figo huendelea kutengeneza mkojo usiku na mchana, upasuaji huu hauwezi kuishia kwenye kuondoa. Katika operesheni ileile daktari lazima autengenezee mkojo njia nyingine ya kutoka, na kwa kawaida njia hiyo hutengenezwa kwa kipande cha utumbo wa mgonjwa mwenyewe.

Njia ipi ichaguliwe hutegemea ugonjwa ulivyo, lakini hutegemea vilevile maisha ambayo mgonjwa atayarudia baada ya kuruhusiwa: kazi yake, maji yanayopatikana nyumbani, na umbali wa hospitali. Kwa sababu hiyo makala hii inamtazama mara kwa mara mgonjwa anayeishi Kidahwe au kwingineko katika mkoa wa Kigoma, mbali na hospitali kubwa za Tanzania.

Kibofu na kazi yake

Kibofu ni mfuko wa msuli ulio chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena. Mkojo hufika humo kutoka kwenye figo kwa mirija miwili myembamba iitwayo ureta, na hutoka nje kwa mrija mmoja uitwao urethra. Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500, yaani karibu sawa na chupa ya maji ya nusu lita.

Kibofu kina sifa mbili ambazo ni vigumu kuziiga. Kwanza, hutanuka kinapojaa bila kusukuma mkojo kurudi juu kwenye figo. Pili, ngozi yake ya ndani haifyonzi mkojo urudi kwenye damu. Utumbo ni kinyume kabisa: kazi yake ni kusukuma na kufyonza. Matatizo mengi yanayofuata baada ya kibofu kubadilishwa na utumbo yanatokana na tofauti hiyo.

Saratani ya kibofu na kichocho

Duniani kwa jumla, saratani nyingi za kibofu huanzia kwenye seli za ngozi yake ya ndani, na sababu kuu inayojulikana ni uvutaji wa sigara. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kwenye kibofu kwa saa kadhaa pamoja na mkojo. Kemikali za viwandani nazo ni hatari: mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Wanaume huipata mara tatu hadi nne zaidi ya wanawake.

Katika Afrika ipo sababu nyingine, nayo ni kichocho cha kibofu. Minyoo yake, Schistosoma haematobium, hutaga mayai ambayo mengine hutoka na mkojo na mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Mayai yaliyonasa huleta uvimbe na makovu kwa miaka mingi, na baadaye seli za kibofu zinaweza kubadilika kuwa saratani ya aina ya seli bapa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha minyoo hiyo mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Saratani ya aina hii huwapata watu wenye umri mdogo kuliko ile ya wavuta sigara, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa tayari imefika kwenye msuli.

Hapa inafaa kutofautisha vichocho viwili, kwa kuwa watu wengi huvichanganya. Kichocho cha kibofu kinapatikana Tanzania hasa katika mikoa iliyo karibu na Ziwa Victoria, kama Shinyanga na Mwanza, na katika ukanda wa pwani pamoja na Unguja na Pemba. Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kichocho kinachojulikana zaidi ni kile cha tumbo, kinacholetwa na Schistosoma mansoni. Hata nyani wa Hifadhi ya Gombe wamekutwa nacho. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, na madhara yake makubwa ni kwenye utumbo na ini. Kwa hiyo mvuvi wa Ujiji au mkulima wa Kidahwe anayekojoa damu asiambiwe haraka kuwa "ni kichocho cha ziwani". Aulizwe kwanza aliwahi kuishi wapi, maana watu wa Kigoma husafiri na wageni huhamia, kisha apimwe.

Dalili na uchunguzi

Dalili kuu ni damu kwenye mkojo, na kwa kawaida hutoka bila maumivu yoyote. Kutouma huko ndiko kunakowapotosha wengi. Damu huonekana siku mbili tatu, mkojo unakuwa safi wiki kadhaa, na mgonjwa anadhani amepona kwa dawa aliyokunywa, kumbe uvimbe upo palepale. Dalili nyingine ni kukojoa mara kwa mara, kuungua wakati wa kukojoa, na baadaye maumivu ya kinena au ya kiuno.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kutibu kila damu ya mkojo kama UTI. Mtu mzima, hasa aliyepita miaka 40, ambaye damu imerudi baada ya dozi ya antibiotiki anahitaji uchunguzi wa kibofu. Kumwongezea dozi nyingine kunapoteza muda. Katika sehemu zenye kichocho kingi damu kwenye mkojo wa wavulana imezoeleka kiasi cha kuonekana sehemu ya kukua, na mazoea hayo humfuata mtu hadi utu uzima.

Uchunguzi huanza na kipimo cha mkojo na ultrasaundi. Uthibitisho hupatikana kwa kuingiza kamera nyembamba kupitia urethra, kuona uvimbe kwa macho na kukata kinyama cha kupimwa maabara. Kinyama hicho lazima kiwe na sehemu ya msuli, kwa sababu uamuzi wote unaofuata unategemea swali moja: je, saratani imeingia kwenye msuli au bado? Picha ya CT-scan huonyesha kama imesambaa kwenye tezi za limfu, ini au mapafu.

Lini kibofu huondolewa

Saratani ambayo haijafika kwenye msuli kwa kawaida haihitaji kuondoa kibofu. Uvimbe hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na kibofu huweza kuwekewa dawa ndani, ikiwemo BCG, ambayo ni bakteria zilezile za chanjo ya kifua kikuu. Mgonjwa hurudi kuangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi kadhaa, kwani uvimbe hupenda kurudi.

Saratani ikishapenya msuli bila kusambaa mbali, kuondoa kibofu chote ndiyo tiba inayotumika zaidi. Njia mbadala ni kukwangua uvimbe kisha kutoa mionzi pamoja na tibakemikali ili kibofu kibaki. Inafaa kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, lakini saratani ya seli bapa inayofuata kichocho huitikia mionzi na tibakemikali kwa udhaifu, na hapo upasuaji hubaki tegemeo kuu. Kwa saratani ya aina ya kawaida, tibakemikali yenye sisplatini hutolewa kabla ya upasuaji ikiwa figo za mgonjwa zina nguvu ya kuistahimili. Ikiwa saratani imeshasambaa mwilini, kuondoa kibofu hakuponyi, ingawa huweza kufanywa kuzuia damu nyingi au maumivu yasiyovumilika.

Operesheni yenyewe

Operesheni hufanyika kwa nusukaputi na huchukua saa nne hadi nane. Tumbo hufunguliwa kuanzia kitovuni kushuka chini. Katika baadhi ya hospitali hutumiwa matundu madogo na roboti, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ileile.

Kwa mwanamume huondolewa kibofu, tezi dume na vifuko vya shahawa. Kwa mwanamke huondolewa kibofu, urethra, mara nyingi kizazi, na sehemu ya mbele ya ukuta wa uke; mayai ya uzazi huweza kuachwa kwa mwanamke kijana. Tezi za limfu za nyonga hutolewa pia, kwa kuwa ndizo kituo cha kwanza cha saratani inaposafiri. Baada ya hapo ureta mbili hubaki zikining'inia, na ndipo kazi ya pili inapoanza, ambayo mara nyingi ni ndefu kuliko ya kwanza.

Huu ni upasuaji mkubwa na haufai kuelezwa kwa mgonjwa kama jambo jepesi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata tatizo fulani ndani ya miezi mitatu: utumbo kuchelewa kufanya kazi, kidonda kuoza, mkojo kuvuja kwenye mishono, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Wachache katika kila mia hufariki, hata katika hospitali zenye uzoefu mkubwa. Damu ya kuongezewa lazima iwe tayari, na kwa kawaida ndugu huombwa kuchangia.

Njia mpya za mkojo

Mfereji wa utumbo na mfuko wa nje

Njia inayotumika zaidi duniani ni ile iliyoenezwa na Eugene Bricker wa St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1950. Kipande cha sentimita 15 hadi 20 hukatwa kutoka mwishoni mwa utumbo mdogo, kikiachwa na mishipa yake ya damu. Utumbo uliobaki huunganishwa tena ili chakula kipite kama kawaida. Ureta hushonewa kwenye mwisho mmoja wa kipande hicho, na mwisho wa pili hutokezwa nje ya ngozi upande wa kulia, chini ya kitovu. Tundu hilo huitwa stoma. Ni jekundu na lenye unyevu kama ndani ya mdomo, na halina hisia ya maumivu.

Mkojo hutiririka humo wakati wote, kwa hiyo mgonjwa hubandika mfuko wa plastiki juu ya stoma. Mfuko humwagwa unapofika theluthi au nusu, na hubadilishwa kila baada ya siku chache. Usiku huunganishwa na mfuko mkubwa unaowekwa chini ya kitanda. Faida ya njia hii ni kwamba ni fupi zaidi kuifanya, ina matatizo machache ya kemia ya damu, na inamfaa hata mgonjwa mzee au mwenye figo dhaifu. Hasara yake ni kumfunga mgonjwa kwenye mifuko kwa maisha yake yote.

Mahali pa stoma panatakiwa kuchorwa kwa kalamu siku moja kabla ya operesheni, mgonjwa akiwa amekaa, amesimama na ameinama. Pasiwe kwenye mkunjo wa tumbo wala kwenye mkanda wa suruali. Kwa Kigoma kuna la kuongeza. Mkwezi wa michikichi hupitisha kamba kiunoni, na mwanamke hufunga kanga kiunoni na kumbeba mtoto mgongoni kwa kitambaa kinachobana tumbo. Daktari wa mjini huenda asiyafikirie hayo, na mgonjwa hana budi kuyasema.

Kibofu kipya ndani ya mwili

Njia ya pili hujenga kibofu kipya kutokana na utumbo na kukiunganisha na urethra ya mgonjwa, ili aendelee kukojoa kwa njia ya asili. Huchukuliwa sentimita 50 hadi 60 za utumbo mdogo. Kipande hicho hakiachwi kikiwa mrija, bali hupasuliwa kwa urefu wake wote, kikatandazwa kama kitambaa, kisha kikakunjwa na kushonwa kuwa mfuko unaokaribia umbo la mpira.

Sababu ya kupasua ni ya hisabati na ya nguvu pia. Chukua mrija wenye nusu kipenyo r na urefu L: ujazo wake ni π × r × r × L. Uupasue, uukunje katikati ya urefu wake na kuushona kando: unapata mrija wenye urefu nusu ya ule wa kwanza, lakini nusu kipenyo chake kimekuwa maradufu, na ujazo wake ni mara mbili ya awali. Nyama ni ileile, lakini inabeba mkojo mara mbili. Tena, mrija mzima wa utumbo hujikamua kwa mawimbi na kumwaga mkojo ovyo, ilhali utumbo uliopasuliwa na kukunjwa hujikamua pande zinazopingana, na msukumo wake hupungua sana. Figo zinasalimika, na mgonjwa haloi.

Kibofu hicho hata hivyo hakina mishipa ya fahamu ya kumwambia mwenyewe kuwa kimejaa. Mgonjwa hubaki na katheta, ambayo wengi huiita mpira wa mkojo, kwa wiki mbili hadi tatu, huku wauguzi wakisafisha ute wa utumbo kwa maji safi ya chumvi ya hospitali ili usizibe. Mpira ukitolewa huanza mafunzo: kukojoa kila baada ya saa mbili kwa kufuata saa, kisha tatu, hatimaye nne, na kuamka usiku kwa kengele ya simu. Anakaa chini, analegeza misuli ya nyonga na kukamua kwa tumbo. Mchana wengi hufanikiwa kuzuia mkojo baada ya miezi kadhaa. Usiku ni vigumu zaidi, na baadhi huendelea kuloa kitandani. Wengine, hasa wanawake, hupata tatizo la kinyume: mkojo haushuki wote, na hulazimika kujiingizia katheta wenyewe.

Njia hii haimfai kila mtu. Urethra lazima iwe haina saratani, figo na ini vifanye kazi vizuri, na mgonjwa awe na nidhamu ya kufuata ratiba. Aishi pia mahali ambapo katheta ikiziba usiku wa manane kuna mtu wa kumsaidia.

Mkojo kupitia njia ya haja kubwa

Njia ya tatu ni ya zamani zaidi, na katika nchi nyingi tajiri imeachwa kwa sehemu kubwa. Ureta huunganishwa na sehemu ya chini ya utumbo mpana, na mkojo hutoka pamoja na kinyesi kwa njia ya haja kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Mainz, Ujerumani, waliiboresha kwa kuupasua na kuukunja utumbo huo ili upunguze msukumo, na toleo hilo limetumika katika nchi za Afrika.

Mvuto wake ni rahisi kueleweka: hakuna mfuko wa kununua, hakuna katheta, na nguo za mtu huyo hazionyeshi chochote. Kabla ya kuamua, mgonjwa huwekewa maji kama mililita 300 hadi 400 kwenye haja kubwa na kuombwa atembee nayo. Akiyazuia kwa saa kadhaa, msuli wake una nguvu ya kutosha. Gharama yake huja polepole. Mkojo hukutana na bakteria za kinyesi, kwa hiyo maambukizi ya figo hutokea kirahisi. Utumbo mpana hufyonza asidi ya mkojo kwa wingi. Tena, baada ya miaka mingi saratani huweza kuota pale ureta zilipounganishwa, ndiyo maana mgonjwa huangaliwa utumbo kwa kamera miaka inavyokwenda.

Zipo pia njia za mfuko wa ndani unaofunguka kwenye ngozi kwa tundu dogo lisilovuja, ambalo mgonjwa huliingizia katheta mara nne hadi sita kwa siku. Zinahitaji katheta za kudumu na mpasuaji mzoefu.

Historia

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 John Simon wa London alijaribu kuelekeza ureta kwenye utumbo wa mtoto aliyezaliwa na kibofu kilicho wazi. Kibofu kizima chenye saratani kilitolewa kwa mara ya kwanza na Bernhard Bardenheuer wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1887. Hakufanikiwa kuzipatia ureta mahali pa kwenda, na mgonjwa alifariki baada ya muda mfupi. Tangu hapo ilieleweka kuwa ugumu haupo katika kukata. Robert Coffey wa Marekani alionyesha mwaka 1911 namna ya kupitisha ureta chini ya ngozi ya ndani ya utumbo ili mkojo usirudi juu, na kwa miaka 40 hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu hadi alipokuja Bricker. Kibofu kipya cha utumbo kilianzishwa na Maurice Camey nchini Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kikaboreshwa katika miaka ya 1980 na Urs Studer wa Bern na Richard Hautmann wa Ulm.

Mchango wa Afrika katika historia hii ni mkubwa. Theodor Bilharz aligundua minyoo ya kichocho mjini Kairo mwaka 1851, na mwaka 1911 A. R. Ferguson, akifanya kazi mjini humo, aliihusisha na saratani ya kibofu. Baadaye kituo cha mfumo wa mkojo na figo cha Mansoura, Misri, kilichofunguliwa mwaka 1983 chini ya Mohamed Ghoneim, kikawa moja ya shule kuu duniani za upasuaji huu: madaktari wake walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,700. Kadiri Misri ilivyodhibiti kichocho kwa prazikwanteli, saratani ya seli bapa ilipungua, na ile ya wavuta sigara ikachukua nafasi kubwa zaidi.

Kutoka Kidahwe hadi chumba cha upasuaji

Kidahwe ipo mashariki ya mji wa Kigoma, takriban kilomita 30, pale ambapo barabara ya Kasulu na ile ya Uvinza zinaachana. Mgonjwa wa hapo huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Kuondoa kibofu na kujenga njia mpya ni kazi ya hospitali za ngazi ya kanda na taifa, kama Bugando iliyopo Mwanza, KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Mionzi hutolewa Bugando na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa Reli ya Kati, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250.

Umbali huo si suala la nauli tu. Safari ya kwanza ni ya uchunguzi, ya pili ni ya majibu ya kinyama, ya tatu ni ya upasuaji, na zipo nyingine za kuangaliwa baadaye. Kila moja inahitaji ndugu wa kumsindikiza na mahali pa kulala mjini. Wiki zinazopotea katikati zina uzito: saratani iliyopenya msuli isipotibiwa kwa zaidi ya miezi mitatu baada ya kugunduliwa huwa na matokeo mabaya zaidi. Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe mapema, na mgonjwa abebe picha zake zote pamoja na majibu ya maabara ili asianze upya.

Kabla ya kukubali njia yoyote ya mkojo, mgonjwa na familia wanastahili kumuuliza daktari maswali ya nyumbani kwao. Mifuko ya stoma itapatikana wapi, maana duka la dawa la kijijini kwa kawaida halina? Bima italipa mingapi kwa mwezi? Nani atampima damu kuangalia asidi na figo, na je, Maweni inatosha kwa kipimo hicho? Mvuvi wa dagaa anayefanya kazi usiku ataweza kufuata ratiba ya saa akiwa ziwani? Mwenye kibofu kipya anaweza kukaa na mtu anayejua kuingiza katheta? Majibu ya maswali hayo huweza kubadilisha uamuzi ambao kwenye karatasi ulionekana bora.

Mfuko ukiisha kabla mwingine haujapatikana, wapo wanaobuni kwa mifuko ya kawaida ya plastiki na gundi. Ngozi inayozunguka stoma huchubuka haraka kwa mkojo, na ikichubuka hata mfuko halisi haushiki tena. Ni vizuri zaidi kuondoka hospitalini na akiba ya miezi kadhaa pamoja na anwani ya pa kuagizia.

Maisha baada ya upasuaji

Kukaa hospitalini huchukua wiki moja hadi tatu, na nguvu hurudi polepole kwa miezi mitatu au zaidi. Katika kipindi hicho mgonjwa hatakiwi kubeba ndoo, kulima wala kukwea, kwani ukuta wa tumbo unaweza kuachia na kuleta ngiri.

Maji ya kunywa yawe mengi, kiasi cha lita mbili hadi tatu kwa siku, ili ute usizibe njia. Nyuzi nyeupe za ute kwenye mkojo ni za kawaida kwa mwenye kibofu cha utumbo, nazo zisidhaniwe kuwa usaha. Dalili za hatari ni homa na maumivu ya kiunoni, mkojo kukoma kutoka, au uchovu mkubwa pamoja na kutapika na kukosa hamu ya kula. Hizo za mwisho huashiria asidi imezidi kwenye damu. Tiba yake ni sodiamu bikaboneti kwa kipimo cha daktari. Kujinywesha magadi kwa kukisia huweza kuharibu zaidi. Baada ya miaka kadhaa vitamini B12 huweza kupungua, kwa kuwa hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mdogo, karibu na pale kipande kilipokatwa.

Tendo la ndoa ni jambo ambalo mara nyingi halisemwi hadi mgonjwa anaporudi nyumbani. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume hupita kando ya tezi dume, na wanaume wengi hupoteza nguvu hizo, kwa muda au moja kwa moja. Shahawa hazitoki tena. Mwanamke anaweza kukuta uke umekuwa mfupi au mkavu. Upo upasuaji unaojaribu kuilinda mishipa hiyo pale saratani inaporuhusu, na zipo dawa, lakini mwenzi anastahili kuambiwa kabla ya operesheni.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Ujiji na mjini Kigoma, huja swali la tohara. Fikihi inamhesabu mtu ambaye mkojo wake haukomi kuwa mwenye udhuru: humwaga mfuko na kujisafisha, hutia udhu wakati wa sala unapoingia, kisha huswali hata kama mkojo unaendelea kutiririka mfukoni. Wapo wagonjwa walioacha kwenda msikitini kwa kutojua hilo.

Matokeo

Kwa jumla takriban nusu ya waliotolewa kibofu kwa saratani iliyopenya msuli huwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa saratani ilikuwa bado ndani ya kibofu na tezi za limfu ni safi, idadi hufika 70 hadi 80 katika kila mia. Ikiwa imeingia kwenye tezi, hushuka hadi karibu theluthi moja au chini yake. Aina ya njia ya mkojo iliyotumika haibadilishi nafasi ya kupona saratani.

Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa huangaliwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika kipindi hicho, kwa kipimo cha damu, ultrasaundi ya figo na picha ya kifua na tumbo, kisha kila mwaka. Ultrasaundi na damu huweza kufanyika mkoani, na majibu yakapelekwa kwa daktari aliyepasua, hivyo safari ya Mwanza au Dar es Salaam ikabaki kwa ajili ya tatizo jipya.